Kuuliza Watu Tusiowaona



Muhula huu nimepewa nafasi niandike juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalifanya bila kulifikiri: kuuliza shauri kwa watu tusiowaona. Wenye simu katika jamaa zao wanajua ninasema nini. Mtu ana shida, anaiandika katika kundi la WhatsApp, na mbele ya chakula cha jioni kuiva amepata majibu kumi. Wazee wetu walipotaka shauri walipanda kilima, na mara nyingine walivuka ziwa. Sisi tunavuka kwa kidole. Je, shauri letu ni bora kuliko lao?

Mimi nasema hivi: laweza kuwa bora, na laweza kuwa sumu, na simu yenyewe haina kosa wala sifa. Mambo yote yanategemea namna mtu anavyouliza na namna wengine wanavyomjibu. Nitaeleza kwanza habari za makundi ya kwanza kabisa ya namna hii, kisha kisa cha migomba ya kwetu, na mwisho nitatoa shauri kwa shule yetu.

1. Makundi ya zamani

Wengi wanafikiri makundi yalianza na WhatsApp. Sivyo. WhatsApp ilizaliwa mwaka 2009. Miaka 30 mbele yake, mwaka 1979, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, walitafuta njia ya kufanya kompyuta ya chuo chao ipelekeane habari na kompyuta ya chuo jirani. Mwenzao Steve Bellovin, wa chuo cha Chapel Hill, aliandika programu ya kwanza. Mwaka 1980 wakaifungulia watu wengine, na jina lake likawa Usenet. Mtambue kwamba hawakuwa mawaziri wala matajiri. Walikuwa wanafunzi.

Kazi yake ilikuwa hivi. Kompyuta iliunganishwa na simu ya waya. Usiku, saa ambazo simu ni bei rahisi, kompyuta moja iliipigia nyingine, zikapeana barua zote mpya, kisha ile ya pili ikaipigia ya tatu. Barua ilikwenda mkono kwa mkono, kama bahasha tunayompa mwenye mtumbwi hapa kwetu: leo iko Bugarula, kesho Kalehe, kesho kutwa Bukavu. Mtu aliuliza leo, na jibu liliweza kufika baada ya siku kadhaa. Hakukuwa na bwana mmoja wa kuimiliki yote.

Barua hizo zilipangwa katika makundi ya habari, kila jambo na kundi lake. Mwaka 1987 majina yalipangwa upya: makundi ya kompyuta yakaanza na neno comp, ya sayansi na sci, ya michezo na mapumziko na rec, ya watu na desturi zao na soc. Kulikuwa na kundi la kilimo na kundi la bustani. Kulikuwa pia na kundi lililoitwa soc.culture.african, la kuzungumzia mambo ya Afrika. Mtu aliingia, akasoma maswali ya wengine, akauliza lake, akajibu analolijua.

Matunda yake yalikuwa makubwa. Tarehe 25 Agosti 1991, mwanafunzi mmoja wa Helsinki, katika nchi ya Finland, mwenye miaka 21, aliandika katika kundi moja la kompyuta. Jina lake ni Linus Torvalds. Alisema anatengeneza programu ya kuendesha kompyuta, kwa kujifurahisha tu, akauliza watu wangependa iwe na mambo gani. Watu asiowajua wakamjibu, wakamsahihisha, wakamsaidia. Ikawa Linux. Leo kiini cha Linux kiko ndani ya kila simu ya Android, hata ile ya baba yako yenye kioo kilichopasuka. Mwezi huohuo wa nane wa mwaka 1991, Tim Berners-Lee naye alitangaza katika kundi la habari kazi yake aliyoiita World Wide Web, ambayo ndiyo kurasa tunazozifungua sasa tukisema «niko kwa intaneti».

Swali la kijana mmoja lilizaa mambo hayo kwa sababu makundi yale yalikuwa na adabu zake. Nimechagua tatu.

Ya kwanza: soma mbele ya kuuliza. Watu walichoka kujibu swali moja mara mia, wakaandika orodha ya Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara pamoja na majibu yake, wakaitoa tena kila baada ya muda. Mgeni aliambiwa aanzie pale.

Ya pili: eleza yote. Aliyeandika tu «mashine yangu imekufa» aliulizwa: ni mashine gani, ilikuwa ikifanya nini, uliona maneno gani kwenye kioo?

Ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mwenye kuuliza, akishapata majibu, aliyakusanya, akaandika ufupisho kwa kundi lote: nimeambiwa hili na hili, nimejaribu hili, hiki ndicho kilichosaidia. Hivyo shida ya mtu mmoja ikawa elimu ya wote.

2. Septemba isiyokwisha

Adabu hizi zilivunjika namna gani? Sababu moja itawachekesha, kwani sisi wa shule tunaijua. Kila mwezi wa Septemba, vyuo vya Marekani vilipokea wanafunzi wapya, nao wakaingia katika makundi bila kujua desturi. Walipiga kelele, waliuliza yaliyokwisha kujibiwa, walitukana. Wakubwa wakawafundisha, na baada ya majuma machache hali ikatulia. Lakini kuanzia mwaka 1993 makampuni ya biashara yalifungulia makundi watu wengi sana, wakaingia wapya kila siku ya mwaka, na wakubwa hawakutosha tena kufundisha. Wenyewe waliuita wakati ule Septemba isiyokwisha. Fikirini shule yetu ikipokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza kila asubuhi, Januari mpaka Desemba. Nani angepiga kengele na ikasikika?

Mwaka 1994 likaja jambo lingine. Mawakili wawili wa Arizona walipeleka tangazo lao katika maelfu ya makundi kwa mara moja, wakiuza msaada wa kushiriki bahati nasibu ya Green Card ya Marekani. Kundi la bustani likalipata, kundi la muziki likalipata. Hasira ilikuwa kubwa, lakini mlango ulikuwa umekwisha kufunguka, na matangazo yakawa kama magugu. Watu wakahamia mahali pengine kidogo kidogo. Tarehe 22 Februari 2024 Google, ambayo tangu mwaka 2001 ilikuwa ikitunza akiba kubwa ya barua hizo za zamani, ikaacha kupokea mpya. Za zamani bado zinasomeka.

Naeleza haya kwa sababu kisiwa chetu kiliingia katika mambo haya kwa nyuma. Karibu na mwaka 2016 shirika la Ensemble Pour la Différence lilileta hapa Idjwi mtandao wa jamii ulioitwa Pamoja Net, uliovuka ziwa bila waya. Kwa watu wengi ilikuwa mara ya kwanza kugusa intaneti. Sasa wengi wanatumia simu zao wenyewe, wakinunua mega na kuchajisha betri kwa mwenye paneli ya jua. Tulipokea makundi, lakini zile adabu hatukuzipokea. Hakuna aliyetupa orodha ya maswali. Tuliingia wote siku moja, kama Septemba.

3. Migomba ya kwetu

Mwaka jana, mwezi wa tatu, baba mdogo aliona shambani migomba minne ambayo majani yake yamekuwa manjano na kuinama kama mwavuli uliovunjika. Shamba hilo ndilo linalolipa minervali yangu na ya wadogo wangu wawili. Ndizi zinapanda boti kwenda Bukavu, pesa inarudi, sisi tunaingia darasani. Basi kwetu migomba ikiugua, hata madaftari yanaugua.

Baba mdogo ndiye mwenye simu. Akaandika katika kundi la watu wa kijiji chetu, ambamo wamo zaidi ya mia moja: wengine hapa Idjwi, wengine Bukavu na Goma, wengine Kampala, na mmoja yuko Ubelgiji. Aliandika: «Migomba yetu iko nakufa. Tufanye nini?» Jioni aliniita nimsomee majibu, juu ya macho yake hayaoni vizuri maandiko madogo. Yalikuwa kumi na saba.

Wa kwanza alisema: «Tieni munyu na majivu kwa shina, itapona tu.» Wa pili alitaka mkojo wa ng'ombe. Wa tatu: «Mung'oe yote, muchome, mupande mihogo.» Wa nne alikuwa na poda ya kuuza, dola ishirini kwa kopo moja, na namba ya kutumia pesa ilikuwa tayari. Watano walituma picha ya mikono inayoomba, bila neno lingine. Kisha akaja mmoja: «Hii haiko ugonjwa. Muangalie nani anapitaka mule mangaribi.» Na aliyemfuata akaandika jina.

Lilikuwa jina la mama mmoja mjane, jirani yetu wa upande wa juu. Anapita kando ya shamba letu saa za jioni kwa sababu njia ya kwenda kuteka maji iko pale. Watu sita walikuwa wamekwisha kuweka kidole gumba chini ya jina lake.

Nilipofika hapo nikanyamaza. Baba mdogo akasema, «Soma.» Nikasoma. Naye akanyamaza.

Wenzangu, ninyi mnajua jina likishatajwa namna hiyo linaweza kufika wapi. Katika nchi yetu watu wamefukuzwa, nyumba zimechomwa, na wazee wameuawa, kwa neno ambalo hakuna aliyelipima. Na neno hili liliandikwa na mtu aliye mbali, ambaye hakuwa ameona hata jani moja la migomba yetu.

Lilibaki jibu moja nililoliruka kwa kuwa lilikuwa refu. Lilitoka kwa mtu anayeishi Kampala, aliyesomea kilimo, ambaye sisi hatujamwona kwa macho. Hakutoa dawa. Aliandika: «Mbele ya kusema dawa, ninauliza. Moja: majani yalianza kukauka yale ya chini, ao ya katikati? Mbili: iko mikungu ambayo ndizi zake zinaiva mbele ya wakati, na ndani zimeharibika? Tatu: mukikata shina na kungoja dakika kumi, kunatoka mayi ya manjano? Ine: lile panga, mulilitumia wapi mbele ya kulileta kwa shamba lenu?»

Baba mdogo akakasirika. «Miye naomba dawa, yeye ananiletea mutihani!»

Lakini Jumamosi asubuhi tulikwenda. Tulikata mgomba mmoja katika ile minne, tukaketi kuungoja. Kweli, baada ya dakika chache yakatoka matone mazito ya manjano, kama usaha wa kidonda. Tuliona mkungu ambao ndizi zake nyingine zilikuwa mbichi na nyingine zimeiva, na tulipozikata ndani zilikuwa rangi ya kutu. Majani ya katikati yalikuwa yamelegea pamoja na ya chini. Likabaki swali la panga. Baba mdogo akafikiri sana, kisha akasema polepole kwamba majuma machache mbele alikwenda nalo ng'ambo kumsaidia shemeji kusafisha shamba la migomba, na kule migomba mingi ilikuwa imekauka. Kumbe aliyeingia na ugonjwa shambani mwetu ni lile panga.

Usiku ule niliandika majibu yote manne na picha tatu, baba mdogo akituma. Yule mtu wa Kampala akajibu kwamba dalili hizi ni za mnyauko wa bakteria, ule ambao jirani zetu wa Rwanda wanauita kirabiranya. Akaeleza kwamba uliingia Uganda mwaka 2001, na kwamba miaka hiyohiyo ulionekana upande wa Masisi, Kivu ya Kaskazini, kisha ukateremka. Kuna ugonjwa mwingine unaofanya majani kuwa manjano, ambao ni kuvu ya udongoni. Ule huanzia majani ya chini, ndizi haziozi ndani, na shina likikatwa linaonyesha mistari myekundu au ya kahawia bila usaha. Ndiyo maana aliuliza. Kwa macho ya mbali magonjwa haya mawili ni ndugu, lakini kazi ya kupigana nayo si moja.

Alisema wazi kwamba hakuna dawa ya kunyunyiza inayoponya mnyauko huu, wala poda, wala munyu. Kuna kazi tu. Ukate shina lenye ugonjwa peke yake, chini kabisa karibu na udongo, na uache mashina mengine ya kitako kilekile, kwa sababu bakteria haifiki katika machipukizi yote. Upite shambani kila juma na kukata linaloanza kuugua. Kila ukikata, upitishe panga katika moto au katika maji ya javeli. Lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu ulivunje kwa kijiti chenye panda, bila panga, mara ndizi za mwisho zikishatokea, kwa sababu nyuki na wadudu wengine wanachukua ugonjwa pale na kuupeleka kwingine. Usichukue machipukizi ya kupanda katika shamba lenye ugonjwa. Mbuzi wasile majani yaliyokatwa na kutembea nayo.

Tena alitueleza alivyojua: kwamba zamani walifundisha watu kung'oa kitako chote, kazi ikawa nzito mpaka wakulima wakaiacha, na majaribio ya baadaye yakaonyesha kwamba kukata shina moja moja kunatosha kama mtu anaanza mapema na hachoki. Akaongeza: «Kama shamba limekwisha kuugua sana, njia hii haitatosha, na miye shamba lenu sijaliona.» Neno hilo la mwisho ndilo lililofanya baba mdogo amwamini. Alisema, «Huyu anajua pahali akili yake inaishia.»

Tulifanya hivyo. Kwa miezi mitano tulikata mashina ishirini na matatu. Ndizi zilipungua, na minervali ya muhula mmoja ilichelewa mpaka nikaitwa ofisini. Lakini tangu mwezi wa tisa hatujaona shina jipya lenye ugonjwa, na mwaka huu boti limebeba ndizi zetu tena.

Baba mdogo alifanya jambo moja zaidi, na mimi ndimi niliyemwandikia. Tulirudi katika kundi na kueleza yote: tulichoulizwa, tulichoona, panga lilikotoka, na kwamba yule mama hana neno katika habari hii. Hakuna aliyetuambia kwamba watu wa Usenet walifanya vivyo hivyo; haya niliyasoma baadaye. Watu wengi walishukuru. Wengine wawili walisema nao wana migomba ya namna ile. Kati ya wale sita waliokuwa wameweka kidole gumba chini ya jina, wawili walikiondoa. Aliyeandika jina hakusema kitu.

Yule mama hana simu. Neno lake alilisikia sokoni. Tulimwendea nyumbani, tukaketi naye, akatupokea vizuri na kutupa viazi. Lakini mpaka leo anakwenda kuteka maji kwa njia ndefu ya kuzunguka.

4. Efeso na Beroya

Katika Matendo ya Mitume kuna makutano mawili ambayo yananifanya nifikiri makundi yetu. Katika sura ya 19 tunasoma habari za Efeso, ambako mji mzima ulikimbilia uwanja wa michezo na kupiga kelele karibu saa mbili, na wengi wao hawakujua wamekusanyika kwa sababu gani. Katika sura ya 17 tunasoma watu wa Beroya, ambao walimsikiliza Paulo kwa moyo wote, na bado kila siku walirudi kwenye Maandiko kuchunguza kama mambo yale ni ya kweli. Luka anawasifu kwa hilo, hasemi kwamba walimdharau mtume. Jioni ile, kundi letu lilikuwa Efeso. Mtu mmoja tu alilivuta kuelekea Beroya, na alilivuta kwa maswali manne.

Efeso inaweza kutokea popote. Nchini Kenya palikuwa na mahali pa majadiliano katika intaneti paliitwa Mashada, ambapo Wakenya wa nyumbani na wa ng'ambo walizungumza kwa miaka. Baada ya uchaguzi wa mwisho wa mwaka 2007, maneno ya chuki ya kabila juu ya kabila yalijaa pale hata yakamshinda mwenye kupasimamia, David Kobia. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2008 akapafunga. Lakini hakuketi bure: mwezi huohuo alikuwa mmoja wa walioanzisha Ushahidi, njia ambayo watu waliandika matendo ya jeuri waliyoyaona, mahali na siku, yakawekwa kwenye ramani. Ni watu walewale na simu zilezile. Safari hii tu, waliulizwa waseme wameona nini na wapi.

Sisi wa Kivu hatuhitaji kufundishwa maneno ya chuki yanazaa nini. Tumezaliwa katikati ya habari hizo.

5. Shauri langu

Basi, wenzangu, nashauri mambo manne kwa yeyote kati yetu atakayeuliza au kujibu, iwe katika simu ya jamaa, iwe hapa shuleni.

Ukiuliza, sema yote: ni nini, kiko wapi, kimeanza lini, umeona nini kwa macho yako, umejaribu nini.

Ukijibu, sema umejuaje. Uliona wewe mwenyewe? Ulisoma? Ulisikia tu? Kama hujui, kunyamaza ni msaada pia. Na kama swali halijatosha, uliza mbele ya kujibu.

Jina la mtu usiliandike. Mwenye mashtaka ana wazee, ana mchungaji, ana hakimu, na kule mshtakiwa anaweza kujibu.

Ukisaidiwa, rudi uwaambie wote mambo yaliishaje, hata kama yaliisha vibaya.

Mtasema: huyu anatufundisha simu, na wengi wetu hatuna simu, tena shuleni haziruhusiwi. Ni kweli. Ndiyo maana nilikwenda kwa Bwana Prefe na ombi, naye amekubali. Kuanzia Jumatatu kutakuwa na daftari kubwa katika maktaba, limefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza ili lisitembee. Upande wa kushoto mtu anaandika swali lake na tarehe. Upande wa kulia yeyote, mwanafunzi au mwalimu, anaandika jibu na namna alivyolijua. Maswali ya masomo, ya shamba, ya afya, ya mitihani ya serikali, yote yanaruhusiwa. Majina ya kushtaki yatafutwa na mwenye kutunza maktaba. Kurasa kumi za kwanza zimeachwa wazi: mwisho wa mwaka tutaandika humo maswali yaliyorudi mara nyingi pamoja na majibu yake, ili wadogo watakaokuja Septemba waanzie pale.

Usenet ilianza na wanafunzi wachache na simu za usiku. Sisi tuna daftari la kurasa mia mbili na kalamu mbili, moja ya buluu na moja nyeusi.

Maswali matatu yamekwisha kuandikwa. La kwanza: kwa nini bei ya kahawa ni tofauti upande huu wa ziwa na upande ule? La pili: mtu akilala karibu na makaa ya moto ndani ya nyumba iliyofungwa, anakufa kwa kitu gani? La tatu limeandikwa na mdogo wa mwaka wa kwanza, bila haya: «Logariti ni nini, na inasaidia nani?» Mwenye kujua aende akajibu, na asisahau kusema amejuaje.

Bwana awabariki.

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, Ualimu